Mwezi wa Siku Mbili

Usiku wa tarehe 2 ya mwezi wa kumi na mbili, mwaka wa tano wa enzi ya Meiji, Wajapani walilala huku, kwa hesabu ya wazee wao, mwaka mpya ukiwa bado mbali, karibu mwezi mzima. Walipoamka ulikuwa umeshaingia. Serikali ilikuwa imeamuru kwamba siku inayofuata isiitwe tarehe 3, bali iitwe Januari 1, 1873. Siku 28 zilizobaki zikafutwa kwa kalamu, na mwezi wenye pilikapilika kuliko yote majumbani ukaisha ukiwa na siku mbili tu.

Nyumba nyingi zilikutwa hazijawa tayari. Mochi, vile vitonge vya mchele wa kunata vinavyotwangwa kwa kinu na mchi, havijatwangwa. Masizi ya mwaka mzima hayajafagiliwa darini. Na lililowauma wengi zaidi ni madeni. Katika miji ya Japani ya zamani mchele, mafuta, kitambaa na mchuzi wa soya vilichukuliwa dukani kwa mkopo, hesabu ikaandikwa, na siku kubwa ya kulipa ilikuwa siku ya mwisho wa mwaka, omisoka. Jioni hiyo wadai walizunguka mlango kwa mlango wakiwa na taa mkononi mpaka usiku wa manane, na wadaiwa wakajificha, wakajifanya wagonjwa, wakaanzisha ugomvi wa makusudi na wake zao ili mdai aone haya kuingia. Ihara Saikaku, mtunzi wa Osaka, alikiandikia kihoro hicho kitabu kizima mwaka 1692, Seken Munezan'yo, chenye hadithi 20 ambazo zote zinazunguka siku hiyo moja. Sasa siku ya kulipa ikawa imevutwa karibu kwa wiki nne, na aliyetegemea mauzo ya mwezi wa kumi na mbili ili ajinasue akabaki hana mwezi wa kuuzia.

Amri yenyewe ilitoka tarehe 9 ya mwezi wa kumi na moja, yaani Desemba 9, 1872. Wananchi walipewa siku 23 za kujiandaa, katika nchi ambayo habari nyingi bado zilisafiri kwa miguu ya tarishi. Wachapaji walikuwa wamekwisha kuchapa na kusambaza kalenda za mwaka ujao kwa hesabu ya zamani. Mzigo wote ukawa karatasi za kufungia vitumbua.

Kwa nini haraka yote hiyo? Waraka wa serikali ulizungumza lugha ya maendeleo: kalenda ya kale ina makosa, inachanganya watu, imejaa mambo ya bahati na nuksi yanayozuia akili za raia kufunguka. Hayo yalikuwa kweli kwa kiasi chake. Lakini Okuma Shigenobu, mmoja wa wakubwa waliokuwa wakishughulikia fedha, baadaye alieleza sababu nyingine bila kuona haya. Kwa hesabu ya zamani, mwaka uliokuwa unakuja ungekuwa na miezi 13. Serikali mpya ilikuwa imeanza kuwalipa watumishi wake kwa mwezi badala ya kwa mwaka, na hazina ilikuwa tupu. Kuhamia kalenda ya Ulaya kuliufuta mshahara wa mwezi wa kumi na tatu. Tena, kwa kuwa mwezi wa kumi na mbili wa mwaka ule ulibaki na siku mbili, mshahara wake nao haukulipwa. Mishahara miwili ikaokolewa kwa waraka mmoja. Karibu nusu ya vigogo wa nchi walikuwa nje wakati huo, katika msafara wa Iwakura uliokuwa ukizunguka Marekani na Ulaya, na waliobaki nyumbani ndio walioamua.

Aliyejitolea kuwaelimisha watu ni Fukuzawa Yukichi, mwalimu na mwandishi mashuhuri wa zama hizo. Akiwa kitandani anaugua mafua, aliandika kwa saa chache tu kijitabu cha kufafanua kalenda mpya, Kaireki Ben: jua ni nini, mwezi ni nini, majina ya siku za juma, jinsi ya kusoma saa ya Kizungu. Kiliuzwa zaidi ya nakala 100,000. Fukuzawa hakuwa na huruma kwa walalamikaji; kwake, kuishangaa kalenda mpya kulikuwa dalili ya mtu asiyesoma. Hapo naona alikosea. Waliolalamika walikuwa na elimu yao, na ilikuwa elimu ya karne nyingi.

Kalenda ya zamani ilikuja Japani kutoka China kupitia Korea katika karne ya saba. Mwezi ulianza kwa mwandamo, ukawa na siku 29 au 30, na miezi 12 ikatoa siku kama 354. Msomaji aliyezoea kufuata mwezi wa Kiislamu anajua kinachofuata hapo: Idd hurudi nyuma kila mwaka kwa siku 11 hivi, leo ipo kwenye kaskazi, baada ya miaka kadhaa ipo kwenye kusi. Wachina na Wajapani hawakukubali mwaka utangetange namna hiyo, kwa sababu kalenda yao ilikuwa ya mkulima wa mpunga. Kila baada ya miaka miwili au mitatu waliongeza mwezi mzima, mara saba katika miaka 19, ili sikukuu zisiachane na majira. Juu ya miezi hiyo wakachora mstari wa pili, wa jua: vituo 24 katika mwaka, kimoja kila siku 15, na kila kituo kikakatwa vipande vitatu vya siku tano tano. Hivyo mwaka ukawa na majira 72 madogo, kila moja na jina lake. Kuna siku tano za upepo wa mashariki kuyeyusha barafu. Kuna za machipukizi ya mianzi kuchomoza. Kuna za dubu kuingia pangoni. Mwezi Juni kuna za majani yaliyooza kugeuka vimulimuli, jambo ambalo hakuna aliyelishuhudia lakini kila aliyekaa kando ya majaruba usiku wa joto anaelewa lilikotoka.

Kalenda hiyo iliwahi kuchakaa. Ile iliyoanza kutumika mwaka 862 ilitumika bila kurekebishwa kwa miaka 823, mpaka ikachelewa siku mbili nyuma ya anga lenyewe; kupatwa kwa mwezi kulitangazwa na hakukutokea. Aliyeirekebisha, Shibukawa Shunkai, alizaliwa katika ukoo wa wachezaji wa go, mchezo wa mawe ubaoni, waliomchezea ikuluni shogun, mtawala wa kijeshi. Alipima vivuli na nyota kwa miaka, akagundua kwamba hesabu za Wachina lazima zisahihishwe kwa umbali uliopo kati ya China na Japani, na kuanzia mwaka 1685 nchi ikatumia kalenda iliyotungwa nyumbani. Yeye pia ndiye aliyebadilisha baadhi ya yale majira 72 ili yaseme mambo ya Japani.

Kwa kuwa mpangilio wa miezi mirefu na mifupi ulibadilika kila mwaka, hakuna aliyeweza kuukariri. Mwenye duka alitundika kibao chenye alama ya "kubwa" upande mmoja na "ndogo" upande wa pili, akakigeuza mwezi ulipoandama. Matajiri wa Edo, Tokyo ya leo, waligeuza tatizo hilo kuwa mchezo: walipeana picha ambazo ndani yake namba za miezi mirefu zilifichwa kwenye mikunjo ya kimono au matawi ya mti. Mashindano yao ya mwaka 1765 ndiyo yaliyomsukuma mchoraji Suzuki Harunobu na wachongaji wake kuchapa kwa rangi nyingi, na picha za rangi ambazo makumbusho za dunia zinajivunia leo zilianzia kwenye kalenda hizo. Kaskazini, katika nchi ya Nanbu, wasiojua kusoma walichapishiwa kalenda ya picha tupu. Mwanzo wa masika ulionyeshwa kwa mchoro wa mnyang'anyi aliyebeba mzigo wa watu, kwa sababu kwa Kijapani maneno hayo mawili yanakaribiana kwa sauti. Mkulima aliangalia mwizi akajua wakati wa mvua umefika.

Hata saa ilikuwa nyingine. Kuanzia mapambazuko hadi machweo kulikuwa na sehemu sita, na usiku sita, kwa hiyo saa ya mchana wa Juni ilikuwa ndefu kuliko ya Desemba. Kengele za mahekalu zilihesabu kwa kushuka, tisa adhuhuri, kisha nane, saba, mpaka nne, na tisa tena usiku wa manane. Waraka ule ule wa 1872 uliziondoa saa hizo zote ukaweka 24 zinazolingana.

Pigo kwa sikukuu lilifuata upesi. Januari 1873 serikali ilizifuta rasmi zile sikukuu tano za kale, nne kati yake zikiwa kwenye tarehe pacha: wanasesere tarehe tatu ya mwezi wa tatu, wavulana tano ya tano, nyota saba ya saba, krisanthemu tisa ya tisa, pamoja na ile ya saba ya mwezi wa kwanza ambapo watu hula uji wa majani saba. Mahali pake pakawekwa siku ya kutawazwa Jimmu, mfalme wa kwanza wa hadithi, na siku ya kuzaliwa mfalme aliyekuwa kitini. Mikoa kadhaa ilipiga marufuku ngoma za Obon, siku za kuwapokea marehemu, kwamba ni ushenzi na kupoteza wakati. Machi mwaka huo wakulima wa Echizen, waumini wakubwa wa Ubuddha, waliinuka kwa maelfu na kuchoma nyaraka za serikali. Walidai kwamba kukata nywele, kuvaa Kizungu, shule za lugha za kigeni na kalenda mpya ni mlango mmoja wa kuingizia Ukristo. Jeshi likawazima.

Baada ya hapo uasi ulihamia jikoni, na huko serikali haikuwa na askari. Kila familia, bila kuitisha kikao, ilianza kuzipepeta sikukuu moja moja. Swali lilikuwa: hii tunaifuata kwa sababu ya namba yake, au kwa sababu ya hali ya hewa, au kwa sababu ya mwezi uliopo angani? Majibu hayakufanana, na ndiyo maana kalenda ya nyumba ya Kijapani mpaka leo ina mishono inayoonekana.

Mwaka mpya ulikwenda na namba, ingawa kwa shingo upande. Mjini, ofisi, shule na posta vilifungwa Januari 1, na familia zikafuata. Vijijini mila ilishikilia mwaka wa mwezi mwandamo kwa vizazi viwili zaidi. Sehemu nyingi ziliendelea nao hadi miaka ya 1950, walipokuja mabwana na mabibi wa kampeni ya "maisha mapya" kuhimiza karamu moja badala ya mbili. Kuhama huko kuliacha kasoro ya kuchekesha. Mwaka mpya wa kale uliangukia pale baridi inapoanza kulegea na miti ya plamu kuchanua, na salamu zake ni za kuyakaribisha machipuko. Wajapani wanaendelea kuandikiana kadi za kuyapokea machipuko tarehe 1 Januari, wiki chache kabla ya theluji kubwa kuliko zote. Kadi hizo zilipata nguvu baada ya posta kutoa postikadi mwaka 1873, zikafikia kilele mwaka 2003 zilipochapwa zaidi ya bilioni 4.4 kwa msimu mmoja, na tangu hapo simu ya mkononi imekuwa ikizila kidogo kidogo.

Yanayofanyika ndani ya nyumba yalibaki karibu vilevile. Katika siku za mwisho za Desemba panafanyika usafi wa kila pembe, kisha lango linapambwa kwa misonobari na mianzi ili Toshigami, mungu wa mwaka, apajue. Vitonge viwili vya mochi, kidogo juu ya kikubwa, huwekwa mahali pa heshima na chungwa juu yake. Mama wa nyumba hupika osechi kabla ya mwaka kuingia, chakula cha siku tatu kilichopangwa katika masanduku ya vanishi yanayopandiana: maharage meusi ya sukari, mayai ya samaki, dagaa waliokaangwa kwa sukari na soya, viazi, mizizi ya yungiyungi iliyokatwa ikaonyesha matundu yake. Vyote vina sukari, chumvi au siki ya kutosha kuvifanya visiharibike, maana jiko linatakiwa kupumzika, na mpishi naye kinadharia. Siku hizi familia nyingi huagiza masanduku hayo dukani tangu Oktoba, na sioni wa kuwalaumu. Usiku wa mwisho huliwa tambi ndefu za soba, na mahekalu hupiga kengele mara 108. Asubuhi ni supu ya mochi, na hapo ndipo ndoa za watu wa pande mbili huonja mtihani: mashariki mochi ni ya pembe nne katika mchuzi mwepesi, Kyoto ni ya duara katika miso nyeupe, na kila upande unaamini mwingine haujui kupika. Watoto hupewa bahasha za pesa. Kisha watu humiminika mahekaluni kwa sala ya kwanza ya mwaka, hatsumode, desturi inayoonekana ya kale kuliko zote ilhali sura yake ya sasa ililetwa na gari moshi. Reli ya Shimbashi hadi Yokohama ilifunguliwa Oktoba 1872, na baada ya miaka michache kampuni za reli zikagundua kwamba zinaweza kujaza mabehewa siku ya mapumziko kwa kuwapeleka watu wa Tokyo kusali Kawasaki.

Kitu kimoja cha mwaka mpya kilikufa kwa sheria. Zamani mtoto alizaliwa akiwa na mwaka mmoja, na watu wote waliongeza umri pamoja siku ya kwanza ya mwaka. Aliyezaliwa jana yake alikuwa na miaka miwili. Amri ya 1872 basi iliwazeesha Wajapani wote wiki nne kabla ya wakati. Sheria iliyoanza kutumika Januari 1, 1950 ilitaka umri uhesabiwe tangu siku ya kuzaliwa.

Sikukuu ya wanasesere nayo ilifuata namba, ikalipa gharama. Tarehe tatu ya mwezi wa tatu ilikuwa siku ya maua ya mpichi. Machi 3 ya Kizungu hakuna mpichi uliochanua katika sehemu kubwa ya Japani, kwa hiyo matawi yanayowekwa mbele ya wanasesere hutoka kwenye vibanda vya joto. Nyumba yenye binti hupanga ngazi zenye kitambaa chekundu, mfalme na malkia juu, wajakazi, wapiga muziki, na kuna imani kwamba wasipofungwa haraka sikukuu ikiisha, binti atachelewa kuolewa. Baadhi ya wilaya za milimani na za theluji zilikataa maua ya kununua, zikasogeza siku hiyo mpaka Aprili 3. Mochigase, huko Tottori, ambako wanasesere wa karatasi huwekwa mtoni wachukue mikosi ya watoto, bado wanafuata mwezi mwandamo.

Walioumia zaidi ni wapenzi wawili wa angani. Hadithi ya Tanabata ni ya mfuma nguo na mchunga ng'ombe, nyota mbili zilizotenganishwa na mto wa maziwa, zinazoruhusiwa kukutana usiku mmoja kwa mwaka, saba ya saba. Watoto huandika maombi kwenye vipande vya karatasi na kuvifunga kwenye mianzi. Kwa hesabu ya kale usiku huo ulikuwa wa Agosti, mbingu safi. Julai 7 iko katikati ya mvua za tsuyu, na wapenzi hao huwa hawaonekani. Sendai walisuluhisha jambo hilo kwa kufanya tamasha lao Agosti 6 hadi 8, na tangu 2001 Shirika la Taifa la Uangalizi wa Anga hutangaza kila mwaka tarehe ya "Tanabata ya jadi", kwa wanaotaka kutazama nyota badala ya mawingu.

Kuangalia mbalamwezi hakukuwa na mjadala. Usiku wa 15 wa mwezi wa nane watu huweka vitonge vya dango na manyasi ya susuki penye baraza, na kazi ya usiku huo ni mwezi kuwa mpevu. Tarehe 15 Agosti ya kalenda mpya haiwezi kuahidi hilo. Zamani tarehe 1 ilikuwa giza na 15 ilikuwa mbalamwezi, siku zote. Mwezi mpevu mwishoni mwa mwezi ulikuwa kitu kisichowezekana, mpaka 1873 ulipowezekana. Sikukuu hiyo ikakaa ilipo, ikifuata anga, na hivyo hutangatanga kati ya Septemba na Oktoba.

Obon ndiyo iliyoigawa nchi. Ni sikukuu ya wahenga. Nihon Shoki, kitabu cha kale cha historia, kinaitaja ikifanywa mahekaluni katika karne ya saba, na asili yake ni simulizi la mwanafunzi wa Buddha aliyemwona mama yake marehemu akiteseka kwa njaa. Kwa siku tatu au nne roho za ukoo hurudi nyumbani. Tarehe 13 familia huchoma mabua makavu ya katani kwenye sahani ya udongo mbele ya mlango, moshi uwaonyeshe njia. Kabla ya hapo watoto wamekwisha kutengeneza usafiri. Tango huchomekwa miguu minne ya mabua hayo hayo na kuwa farasi. Biringanya hufanywa hivyo hivyo na kuwa ng'ombe. Farasi ni wa kuwaleta wazee upesi. Ng'ombe ni wa kuwarudisha polepole, tena wakiwa na mizigo ya zawadi. Tango lililopinda kidogo ndilo linalotafutwa, shingo yake ikae vizuri, na bibi husimamia kazi hiyo kwa ukali kuliko kasisi. Kasisi mwenyewe hupita nyumba kwa nyumba, mara nyingi kwa pikipiki ndogo, joho limefungwa, akisoma dua mbele ya butsudan, ile kabati ya madhabahu ya ukoo, dakika chache kila mahali. Nyumba iliyofiwa mwaka huo hutundika taa nyeupe.

Sasa, siku hiyo ilikuwa 15 ya mwezi wa saba. Tokyo na Yokohama, chini ya pua ya serikali, walihamia Julai 15. Mkulima hakuweza. Julai mvua haijaisha, magugu yamejaa kwenye mpunga, na katika wilaya za hariri viwavi wanataka majani ya mforsadi usiku na mchana. Mizimu ingefika ikute nyumba haina mtu wa kuipikia. Basi sehemu kubwa ya nchi ikabuni njia ya kati: acha namba 15, ongeza mwezi mmoja. Agosti 15 haikuwa katika kalenda ya zamani wala katika agizo la serikali. Ilikuwa maafikiano ya mkulima na jua. Okinawa hawakuhitaji maafikiano, waliendelea na mwezi mwandamo na ngoma zao za Eisa. Kwa hiyo Wajapani wana Obon tatu, na mtu aliyeolewa Tokyo kutoka Niigata huweza kuwapokea wakwe Julai na wazazi Agosti.

Agosti 15 ilikuja kubeba mzigo ambao wakulima wale hawakuuwazia. Mwaka 1945, adhuhuri ya siku hiyo, sauti ya Mfalme ilisikika redioni ikitangaza kushindwa vita. Kyoto, ambako mioto mitano mikubwa huwashwa milimani Agosti 16 kuwaaga wahenga, ilikuwa imekaa gizani miaka ya mwisho ya vita. Mwaka 1943 watu waliovaa mashati meupe walipanda asubuhi wakajipanga kwa umbo la herufi ambayo moto ungeiandika. Tangu 1945, kumbukumbu ya vita na kurudi kwa mizimu huangukia siku moja.

Obon pia ilikuwa likizo ya maskini. Vijana waliotumikishwa madukani tangu wana miaka kumi hivi walipata mapumziko mara mbili kwa mwaka, siku ya 16 ya mwezi wa kwanza na ya 16 ya mwezi wa saba. Ilisemwa kwamba siku hizo hata mfuniko wa sufuria la jehanamu hufunguliwa, mashetani wapumzike. Tajiri alimpa kijana nguo mpya na pesa kidogo, naye akaenda kwa mama yake. Mfumo huo ulikufa, safari haikufa. Obon haimo katika orodha ya sikukuu za kitaifa, lakini katikati ya Agosti kampuni hufungwa, treni za mwendo kasi hujaa watu wamesimama, na foleni za barabara kuu hutangazwa kwenye taarifa ya habari kwa kilomita.

Mojawapo ya sikukuu zilizofutwa 1873 serikali iliirudia yenyewe kwa mlango wa nyuma. Sheria ya Julai 1948 iliipa Mei 5 hadhi ya sikukuu ya taifa, sasa kama Siku ya Watoto wote, na ikaongeza kwamba ni siku ya kumshukuru mama. Bendera za samaki koi hupepea juu ya paa, na watu huoga maji yenye majani marefu ya shobu kama babu zao. Sheria hiyo hiyo iliziweka siku mbili ambazo usiku na mchana hulingana, siku za kuzuru makaburi, bila kuzitajia tarehe. Wanajimu hukokotoa, na tarehe huchapishwa katika gazeti la serikali Februari ya mwaka uliotangulia. Setsubun, jioni ya kurusha maharage ya soya mlangoni kuwafukuza mashetani, nayo hufuata jua. Watu walikuwa wameizoea Februari 3 hata mwaka 2021 ilipoangukia Februari 2, mara ya kwanza katika miaka 124, wengi walidhani kalenda zao zimekosewa.

Kalenda ya zamani yenyewe haikukubali kuzikwa. Tarehe zake ziliruhusiwa kuandikwa pembeni mwa kalenda rasmi hadi ya mwaka 1909, kisha zikaondolewa. Wachapaji wa uchochoroni nao waliingia kazini. Walitoa vijitabu vyenye mwezi mwandamo na siku za bahati, bila jina la kweli la mchapaji wala anwani, vikaitwa kalenda za mzimu kwa sababu polisi walipofika hakuna aliyekuwepo. Biashara hiyo ilinoga mpaka uchapaji wa kalenda uliporuhusiwa kwa wote baada ya vita. Leo kalenda nyingi za ukutani zina, kwa herufi ndogo chini ya kila tarehe, mzunguko wa siku sita za bahati unaotokana na mwezi mwandamo. Kumbi za harusi hujaa siku ya taian, na siku ya tomobiki sehemu nyingi za kuchomea maiti hufungwa, watu wakihofia marehemu asivute rafiki.

Na hapo ndipo pana tatizo linalowasubiri. Katika vuli ya mwaka 2033, kanuni za kalenda ya mwisho ya kale, ile iliyoanza 1844, zinagongana kwa mara ya kwanza. Mwezi wenye mlingano wa usiku na mchana wa vuli lazima uwe wa nane, na mwezi wenye usiku mrefu kuliko yote lazima uwe wa kumi na moja. Mwaka huo kati yao kuna mwezi mmoja tu badala ya miwili. Hakuna wa kuamua, kwa sababu serikali ilijivua kazi hiyo mwaka 1872, na waangalizi wa anga hutangaza tu jua na mwezi vilipo. Mwaka 2015 chama cha wadau wa kalenda kilipendekeza mwezi wa nyongeza uwekwe baada ya wa kumi na moja, lakini pendekezo halimfungi mtu. Wachapaji wakilifuata, dango za mbalamwezi zitapikwa Septemba 8. Wakiongeza mwezi baada ya wa saba, zitapikwa Oktoba 7.